Baridi au ya chumvi?

Wiki iliyopita nilikuwa Jambiani napima visima. Nateremsha kipimo kwa kamba, nasoma chumvi, naandika. Bi Mkubwa mwenye kisima aliniangalia weee, kisha akauliza: “Mwanangu, nasikia redioni Mirihi kuna maji. Baridi au ya chumvi?”

Watu wa pwani ya mashariki ya Unguja lazima waulize hivyo. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari. Ukivuta mno kwa pampu, chumvi inapanda. Kisima kimejaa, sabuni haitoi povu.

Barafu ya Mirihi haina ubishi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilifukua udongo upande wa kaskazini kikaikuta sentimita chache tu chini. Kazi ni kuyapata maji ya majimaji. Mgandamizo wa hewa ya huko haufiki hata asilimia 1 ya wetu, kwa hiyo barafu ikipata joto hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Cha kuyazuia maji yasitoroke ni chumvi. Phoenix hiyo hiyo ilikuta udongoni chumvi za pakloreti, na pichani mguu wake ukaonekana na vitu mithili ya matone, vikikua siku hadi siku. Fungua kopo la chumvi jikoni wakati wa masika: imelowa, na hakuna aliyeimwagia maji. Imeyavuta hewani. Pakloreti ina uroho zaidi, na baadhi ya majimaji yake hayagandi mpaka baridi ikaribie nyuzi 70 chini ya sifuri.

Hapo magazeti hushangilia, mie hununa. Chumvi inayong'ang'ania maji namna hiyo haimwachii kiumbe kitu. Ndiyo maana ng'onda haozi. Wapo vijidudu wapenda chumvi, wale wanaoyapaka mabwawa ya chumvi rangi ya waridi, lakini nao wana mpaka wao.

Kwa hiyo Bi Mkubwa nilimpa habari za kale. Mwaka 2013 Curiosity, gari la utafiti linalotembea huko Mirihi, ilitoboa jiwe mahali paitwapo Yellowknife Bay, ndani ya kreta ya Gale, yaani shimo kubwa lililochimbwa na kimondo. Unga uliotoka ulikuwa wa kijivu, si mwekundu, na una udongo wa mfinyanzi: palikuwa na ziwa, maji yake si makali na chumvi yake kidogo. Maji baridi hasa, zaidi ya miaka bilioni 3 nyuma. Kwangu hilo lina uzito kuliko ile michirizi myeusi ya majabalini iliyotangazwa 2015 kuwa ni maji. Miaka miwili baadaye watafiti wakasema inafanana zaidi na mchanga mkavu unaoporomoka.

Sasa macho yote yapo Jezero, kreta nyingine ya huko, penye delta ya mto uliokauka. Julai 2024 Perseverance, gari jingine la utafiti, ilichimba jiwe lenye madoa ya chui (si yule wetu wa Unguja), na ndani yake madini ya chuma ambayo hapa duniani huweza kuachwa na vijidudu vya matopeni. Huweza pia kutokea bila kiumbe yeyote. Kipande kimefungwa mrijani, kipo kule kule. Maabara za kuamua zipo huku.

Bi Mkubwa alisikiliza yote. “Basi wakikileta uje unambie,” akasema. “Na hichi changu kimesoma ngapi?”