Mwanafunzi asiyeandika, na meno ya mbuzi

Kila mwaka, kidato cha kwanza wakishazoea kengele na sura za walimu, huwa namwona yule mmoja. Nawapa insha, kipindi cha dakika 40, na muda ukiisha daftari lake lina tarehe, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula mara mbili, na sentensi moja. Nafundisha Kiswahili mwaka wa 16 huu, kwanza vijijini Chamwino na sasa Dodoma mjini, na huyo mwanafunzi sijamkosa hata mwaka mmoja. Wenzangu humwita mvivu. Miaka ya mwanzo hata mimi nilimwita hivyo, tena mbele ya darasa.

Mwaka juzi alikuwa mvulana wa dawati la nyuma, upande wa dirisha. Nilikuwa nimetoa "Faida za misitu". Akaandika: "Misitu ina faida nyingi sana." Basi. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu kwa upole, "Mwalimu, ndiyo hivyo tu." Nilikasirika, lakini jioni nikisahihisha nikaona ana haki. Faida za misitu mimi nazijua, yeye anajua kwamba nazijua, na darasa zima vilevile. Sasa aandike ili amweleze nani?

Nikaja kusikia kwamba Jumamosi humsaidia baba yake kuswaga mbuzi kwenda mnadani Msalato. Wengi wetu hapa mjini mnada ule tunaujua kwa nyama choma tu. Jumatatu nikamwambia, akiwa amekaa palepale (kumsimamisha mtoto wa namna hii ni kumfunga mdomo), "Haya baba, mimi nina hela yangu mfukoni, nataka mbuzi, na sitaki kuliwa. Nianzie wapi?"

Akaanza chinichini. Mimi nikawa naandika ubaoni maneno yake kama yalivyotoka, bila kuyapiga pasi: "Unamfungua mdomo unahesabu meno ya mbele ya chini. Akiwa na mawili mapana ashapita mwaka. Akiwa na manane huyo mtu mzima." Darasa likacheka hapo kwenye mtu mzima. Binti mmoja akauliza, na ya juu je? "Juu mbele mbuzi hana meno."

Zogo lake! Nusu ya darasa waliapa kwamba anayo. Nikiri kwamba hata mimi nusura nibishe. Nimekula mbuzi maisha yangu yote, sijawahi kumtazama kinywani. Kijana akasimama mwenyewe. "Ana ufizi mgumu tu. Magego ndiyo yapo juu na chini." Mimi kwa haraka nilikuwa nimeandika "mbuzi hana meno ya juu". Akaninyooshea kidole ubaoni: "Mwalimu, sikusema hivyo. Weka 'mbele'. Mtu akisoma hivyo atajua hana kabisa."

Chuoni tulifundishwa hatua za utungaji, na kuhariri ndiyo hatua niliyoshindwa kuifundisha miaka yote. Ukimwambia mtoto apitie upya kazi yake, ananakili ileile kwa mwandiko mzuri zaidi. Huyu alihariri bila kuambiwa, kwa sababu neno moja lilikuwa limeharibu kitu anachokijua. Nikafuta ubao, nikawapa dakika kumi waandike maelezo ya mtu asiyejua mbuzi anayekwenda kununua. Akatoa mistari 14. Nilihesabu mara mbili.

Tangu hapo mtoto mgumu wa kuandika namwanzisha kwa kusema. Kuna anayejua kupogoa mizabibu kwa sababu kwao ni Hombolo, na anayejua kupanga mafungu ya nyanya ili fungu lionekane kubwa kuliko lilivyo. Kila mmoja ana jambo ambalo mbele yake mimi ni mwanafunzi. Kazi yangu ni kulitafuta, na hilo halifanyiki ndani ya kipindi. Linafanyika wakati wa mapumziko, ukiuliza bila daftari mkononi.

Zawadi nilishajaribu. Muhula mzima niligawa kalamu kwa insha bora, wakazichukua mabinti watano walewale ambao wangeandika hata bila kalamu yangu.

Kuna na suala la lugha, ambalo tunalipita kama haliko. Wengi wa watoto hawa wamelelewa kwa Kigogo au Kirangi, wakasoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Mtoto wa miaka 14 ameshaambiwa "umekosea" katika lugha zaidi ya moja. Akinyamaza, mimi siku hizi naona ni tahadhari. Kwa hiyo kalamu nyekundu nimeipunguza. Wiki hii natazama nukta na herufi kubwa tu. Mtu akiandika "nilirara" naiona, nauma meno, naipita. Wiki ya l na r itakuja. Mkaguzi mmoja aliwahi kuniuliza mbona makosa mengine sijayapigia mstari. Nikamwonyesha daftari la Februari na la Agosti la mtoto yuleyule. Sina hakika kama alikubali.

Na mtihani? Wazazi huuliza, na ni swali la haki, maana siku ya mtihani hakuna atakayemuuliza mtoto habari za mbuzi. Misitu itarudi. Ila sasa nikitoa misitu nauliza kwanza: kwenu kuni zinatoka wapi, nani anazifuata, na mwaka huu anatembea mbali kuliko zamani? Hapo insha huanza na mama aliyetoka alfajiri, na faida zinajileta zenyewe.

Yule kijana alikwenda na daftari lake nyumbani, nadhani kwa mara ya kwanza. Akamsomea baba yake. Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, daftari likiwa limesharudi kwangu, akanikuta mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu. Naomba daftari langu."

"Marahaba. La nini? Nimeshaweka alama."

"Baba anasema nimesahau kwato. Anasema mtu atanunua mbuzi anayechechemea, halafu atasema mimi ndiye niliyemdanganya."

Nikampa. Akalifungulia palepale kwenye kizingiti cha dirisha, na chai ya mapumziko hakwenda kunywa.