Nyimbo Dhaifu Ndani ya Albamu Bora za Roki: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Albamu kubwa za roki zilizotoka kati ya mwaka 1965 na 1985 zimesikilizwa na kuhakikiwa mno, kiasi kwamba kila mpenzi wa muziki huo anaweza kukutajia papo hapo wimbo mmoja anaouruka katika albamu aipendayo kuliko zote. Kuutaja ni rahisi. Kueleza ulifikaje pale ni kazi nyingine, na hapo ndipo maelezo mengi yanayorudiwarudiwa yanapopotoka, kwa kuwa yanamlaumu mtunzi kwa uvivu au kundi zima kwa kuishiwa, ilhali mara nyingi sababu ilikuwa katika mgawanyo wa fedha, katika uamuzi wa kampuni, au katika sahani ya santuri yenyewe.

Dhana: Wimbo dhaifu ni ule uliofanywa kwa haraka

Mfano unaotosha kuivunja dhana hii ni "Maxwell's Silver Hammer" wa The Beatles, uliomo katika upande wa kwanza wa Abbey Road, albamu ya Septemba 1969. Paul McCartney alikwisha kuuleta mbele ya wenzake Januari mwaka huohuo, kwa hiyo ulipofika wakati wa kuurekodi rasmi hakuna aliyeweza kusema kwamba haukuandaliwa. Waliufanyia kazi siku tatu mfululizo, tarehe 9 hadi 11 Julai, wakaurudia tarehe 6 Agosti ili McCartney aongeze sauti za sintesaiza ya Moog, chombo ambacho wakati ule kilikuwa bado kigeni katika studio nyingi. Na kwa ajili ya kiitikio waliingiza hata fuawe ya kugongwa kwa nyundo. John Lennon, aliyekuwa ametoka kupata ajali ya gari huko Scotland, hakupiga chochote katika wimbo huo na hakuficha kwamba anauchukia. Mpiga dramu wao Ringo Starr, karibu miaka arobaini baadaye, alisema kwamba hapakuwa na wimbo uliowatesa zaidi katika kurekodi, na katika kumbukumbu yake kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa, ingawa siku zenyewe za studio zilikuwa chache.

Bidhaa iliyotoka imesafishwa vizuri sana, na bado ni dhaifu. Udhaifu wake umo katika wazo: ni mahadhi ya uchangamfu yanayosimulia kijana anayeua watu kwa nyundo, na mzaha huo ukishaeleweka katika ubeti wa kwanza, beti zinazofuata hazina jipya la kuongeza zaidi ya mtu mwingine kupigwa. Kadiri walivyoung'arisha ndivyo ulivyozidi kuonekana kwamba hapakuwa na kitu chini ya ung'avu huo.

Sasa tazama lililotokea mwaka uliofuata kwa Black Sabbath. Albamu yao ya pili ilikuwa imekaribia kukamilika na ilikusudiwa kuitwa War Pigs, ila muda wake ulikuwa pungufu kwa dakika kama tatu. Tony Iommi akabuni kipande cha gitaa, Geezer Butler akaandika maneno upesi upesi, na kazi yote ikaisha kwa muda mfupi. Wimbo huo wa kujazia, kwa maana halisi ya neno hilo, ni "Paranoid", uliofika nafasi ya nne Uingereza na kuipa albamu nzima jina lake.

Dhana: Kundi lilijazia kwa sababu halikuwa na wimbo bora zaidi

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inastahili kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu msikilizaji wa leo anayepata muziki kupitia simu hana tena kipimo cha kumwonyesha kwamba albamu ilikuwa kitu chenye ukubwa maalumu.

Santuri ndefu, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948, ina upana wa takriban sentimita 30 na huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Sauti kubwa na besi nzito huhitaji mfereji, yaani mchirizi ambamo sindano hupita, unaoyumba kwa upana, na mfereji wa namna hiyo hula nafasi. Ukitaka dakika nyingi katika upande mmoja, huna budi kuibananisha mifereji, na ukiibananisha, sauti yote hushuka na besi hupungua. Kwa sababu hiyo mafundi waliokata santuri walipendelea upande mmoja usizidi dakika 20 na kitu. Tena lipo tatizo la pili ambalo halizungumzwi sana. Karibu na ukingo wa nje, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde, lakini karibu na kitovu kasi hiyo hushuka hadi karibu sentimita 20, na hapo sauti za juu huanza kukwaruza. Ndiyo maana upande ulianza mara kwa mara na wimbo wa kishindo na kumalizika kwa wimbo mpole, na baadhi ya nyimbo zilipewa nafasi zake kwa hesabu hizo kabla hata ya kuulizwa kama zinafaana na majirani zake.

Hakuna albamu inayoonyesha gharama ya hesabu hizo vizuri zaidi ya Rumours ya Fleetwood Mac, iliyotoka Februari 1977 na kuuza makumi ya mamilioni ya nakala. Wengi huutaja "I Don't Want to Know" kuwa ndio wimbo mwepesi kuliko yote humo, na wanashangaa jinsi ulivyoingia kati ya nyimbo nzito za watu waliokuwa wakiachana na wapenzi wao huku wakiimba nao studio moja. Jibu ni kwamba uliingia mahali pa wimbo mwingine. Mwimbaji wa kundi, Stevie Nicks, alikuwa ametunga "Silver Springs", wimbo mrefu na wa polepole kuhusu kuachana kwake na mpiga gitaa wao Lindsey Buckingham, nao ulikuwa tayari umerekodiwa. Upande wa santuri haukuweza kuubeba bila kudhuru zilizobaki, hivyo ukatolewa, na badala yake ukachukuliwa utunzi wake wa zamani ambao ulikuwa mfupi. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, Nicks aliarifiwa baada ya uamuzi kupita, na habari hiyo ilimwumiza sana. "Silver Springs" ukawekwa upande B wa santuri ndogo, yaani ile ya wimbo mmoja kila upande, ya "Go Your Own Way", mahali ambapo wengi hawakuusikia, mpaka kundi lilipouimba upya jukwaani mwaka 1997 na toleo hilo likateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Kwa maoni yangu "I Don't Want to Know" si wimbo mbaya. Una sauti mbili zinazooana barabara na haumchoshi mtu. Kosa lake pekee ni kukaa kwenye kiti cha mwingine. Toleo la mwaka 2004 liliurudisha "Silver Springs" katikati ya albamu, na anayelisikiliza atatambua kwamba hoja ya kuishiwa haikuwahi kuwa na msingi kwa watu hawa.

Dhana: Wimbo wa mpiga dramu huwekwa kwa kuoneana huruma

Ni kweli kwamba makundi mengi yalikuwa na mtunzi mmoja au wawili wakuu na wengine waliopewa nafasi moja kwa albamu. Huruma, hata hivyo, ni maelezo finyu. Mrabaha wa utunzi hulipwa kwa mtunzi wa wimbo, si kwa kila aliyeupiga, na katika Marekani sheria ya mwaka 1909 iliweka kiwango cha senti mbili kwa kila wimbo katika kila nakala, kiwango kilichodumu hadi mwaka 1978. Katika albamu iliyouza mamilioni, wimbo mmoja, uwe mzuri au wa kawaida, ulikuwa mshahara wa miaka.

Queen waliliona hilo wazi mwaka 1975. Upande A wa santuri yao ndogo ulikuwa na "Bohemian Rhapsody" wa Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, wimbo uliokaa kileleni Uingereza kwa majuma tisa. Upande B ulikuwa na "I'm in Love with My Car" wa mpiga dramu Roger Taylor. Kwa kuwa pande mbili huuzwa pamoja, Taylor alipata kwa utunzi wake kiasi kilekile alichopata Mercury kwa wake, na jambo hilo lilileta manung'uniko yaliyodumu. Kuanzia albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 waliamua kuandika majina ya wote wanne chini ya kila wimbo, na hapo kishawishi cha kupigania nafasi kikapungua.

Mfano mgumu zaidi kuutetea umo katika Synchronicity ya The Police, ya mwaka 1983, iliyokaa kileleni Marekani kwa majuma 17. Nyimbo nyingi ni za mwimbaji wao Sting, lakini katikati ya upande wa kwanza upo "Mother" wa mpiga gitaa Andy Summers, ambaye anauimba mwenyewe kwa kupiga mayowe juu ya mdundo wa mapigo saba. Nimejaribu kuupenda na sijaweza. Nina hakika, hata hivyo, kwamba haukutokana na huruma: Summers ndiye aliyebuni mtindo wa gitaa unaoubeba "Every Breath You Take", na jina lake halimo katika utunzi wa wimbo huo.

Wala si kweli kwamba watunzi hawa wa pembeni hushindwa siku zote. "Octopus's Garden" wa Ringo, uliomo katika upande uleule wa Abbey Road ulio na "Maxwell", una chanzo cha kweli: Ringo alikuwa ameliacha kundi kwa muda mwaka 1968, akiwa baharini karibu na Sardinia, ndipo nahodha wa chombo alipomweleza jinsi pweza anavyokusanya mawe na kujipangia bustani chini ya maji. Hamu ya mtu aliyechoka kutaka kujificha huko inasikika ndani ya wimbo, na ndiyo inayouinua.

Dhana: Wanamuziki wenyewe wanajua upi ni dhaifu

Deep Purple walirekodi albamu ya Machine Head huko Montreux, Uswisi, Desemba 1971, baada ya kasino waliyokusudia kuitumia kuungua wakati wa onyesho la Frank Zappa. Kwa santuri ndogo ya kwanza walichagua "Never Before", wakiamini kwamba ndio utakaouza, na haukufika mbali. "Smoke on the Water", waliousimulia moto huo ndani yake, haukutolewa peke yake mpaka mwaka 1973. Leo "Never Before" ndio unaorukwa.

Dhana: Wimbo usiofanana na mwenzake ni dhaifu

Kuna wimbo wa ajabu na kuna wimbo mbovu, na katika Meddle ya Pink Floyd, ya mwaka 1971, vitu hivyo viwili vimekutana: "Seamus" ni bluzi fupi ambayo mbwa wa Steve Marriott analia juu yake, na hakuna cha kuusaidia. Lakini kuuweka "Within You Without You" wa George Harrison katika kapu hilohilo ni kutosikiliza. Wimbo huo unaofungua upande wa pili wa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ya mwaka 1967, haukupigwa na Beatle mwingine yeyote. Harrison aliufanya pamoja na wanamuziki wa Kihindi waliokuwa London na wapiga fidla wa studio, na ndio unaozuia albamu ile kuwa tamasha la mavazi ya rangi tu.

Hoja hii huwa kali zaidi kwa albamu za santuri mbili. Albamu nyeupe ya The Beatles, ya Novemba 1968, ina nyimbo 30, na mtayarishaji wao George Martin alitaka zichujwe zibaki za santuri moja. Wapenzi wengi humuunga mkono, kila mmoja akiwa na orodha yake, na orodha hizo hazipatani kamwe. Kitu pekee zinachokubaliana mara nyingi ni kukifuta "Revolution 9", chenye zaidi ya dakika nane za vipande vya kanda vilivyounganishwa. Mimi ningekiacha, kwa sababu bila hicho utulivu wa "Good Night" unaofuata hauna kinachoutangulia.

Dhana: Sahani ya CD iliondoa tatizo

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na uwezo wa dakika 74, sababu ya kuutoa wimbo kama "Silver Springs" ilitoweka, na sababu ya kumkatalia mtunzi wimbo wake dhaifu ikatoweka pamoja nayo. Albamu zikarefuka. Brothers in Arms ya Dire Straits, ya mwaka 1985, ilitoka kwa njia zote mbili, na nyimbo zake kadhaa ni fupi katika santuri. "Why Worry" una zaidi ya dakika nane kwenye CD na takriban tano na nusu kwenye santuri, kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba unajivuta na mwingine anayeuona umetimia huenda kila mmoja anasema kweli kuhusu nakala aliyo nayo.