Kabla hujampa dizaina kazi: dhana potofu kuhusu brifu

Wenye biashara wengi wa Moshi na Arusha huanza safari ya kutafuta nembo au lebo kwa ujumbe mfupi wa simu: "Nahitaji logo, shilingi ngapi?" Ujumbe huo hauna jibu la haki, kwa kuwa anayeulizwa hajui kama nembo itakaa kwenye mlango wa gari la watalii, kwenye mfuko wa kahawa wa gramu 250 au kwenye muhuri wa ofisi. Brifu, yaani maelezo ya kazi ambayo mwenye kazi huyaandika kabla ya kumtafuta msanifu wa michoro, ndiyo inayolijibu swali hilo. Kwa muda niliofanya usanifu mjini Moshi nimeona kwamba kinachowazuia watu kuiandika si uvivu, bali ni dhana chache wanazozishikilia.

Dhana: Brifu ni mambo ya makampuni makubwa.

Mwenye mtaji mdogo ndiye anayeihitaji zaidi. Kampuni kubwa ikikosea lebo elfu tano hutupa na kuchapa upya, ilhali mama anayesindika siagi ya karanga nyumbani akikosea mia tano, faida ya mwezi imekwenda. Ukurasa mmoja unatosha, hata ukiandikwa kwa kalamu kwenye daftari.

Dhana: Dizaina ni mtaalamu, atajua mwenyewe.

Anachokijua ni mpangilio, herufi na rangi. Haijui biashara yako, wala hawajui watu wako. Mfano ninaoupenda ni wa mlima wetu wenyewe, Kilimanjaro, na vilele vyake viwili, Kibo na Mawenzi. Ukisimama Moshi ukatazama kaskazini, Kibo kiko kushoto na Mawenzi, kile kilele chenye meno, kiko kulia. Picha nyingi zinazozagaa mtandaoni, zile za tembo mbele na theluji nyuma, zimepigwa Amboseli, upande wa Kenya, ambako mpigapicha hutazama kusini na vilele vikabadilishana nafasi. Msanifu aliye mbali, ambaye hakuambiwa lolote, ataichukua picha hiyo, ataichora upya kwa ustadi mkubwa, na mteja wa Moshi atapokea mlima wake ukiwa umegeuzwa. Mtalii hatagundua, lakini mtu aliyekulia Kibosho, chini ya mlima huo, ataliona kosa hilo akiwa ng'ambo ya barabara. Msanifu hana hatia hapo. Mwenye kazi aliliona jambo hilo kuwa la wazi mno kuandikwa. Ndivyo pia inavyokuwa kwa jina la biashara, ambalo linapaswa kunakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kwa lugha ambayo mnunuzi wako huisoma.

Dhana: Basi brifu nzuri ni ile inayomwelekeza kila kitu.

Hapa watu hukimbilia upande wa pili. "Weka twiga, mgunga na jua linalozama," huandika mwenye kampuni ya utalii wa Arusha, naye akisimama nusu saa karibu na Mnara wa Saa ataona magari ya kutosha yenye vitu hivyohivyo vitatu. Angeandika hivi badala yake: "Wateja wetu ni familia za Ujerumani, hulipa kwa mtandao kabla hawajafika, na hofu yao kubwa ni kutapeliwa." Sentensi hiyo moja inamfaa msanifu kuliko twiga kumi, maana inamwambia kwamba jina lisomeke kwa mbali, namba ya leseni ionekane, na mapambo yapungue. Mwenye kazi aeleze tatizo. Namna ya kulitatua ndiyo anayoilipia.

Dhana: Maneno na vipimo vitafuata.

Kosa hili nililishiriki mwenyewe. Mteja wa kahawa aliniambia mfuko wake ni wa robo kilo, nami nikasanifu lebo ya sentimita 10 kwa 16 bila kuuona mfuko. Mifuko ya kaki ilipofika, kati ya zipu na mkunjo wa chini palikuwa na sentimita 13 tu. Lebo ilipanda juu ya zipu, na aliyetaka kufungua kahawa yake alilazimika kwanza kuichana. Maneno nayo yalikuja vipandevipande kwa WhatsApp: ongeza namba ya simu, andika arabika, samahani tumesahau tarehe ya kukaanga. Kila kilichoongezwa kilikula nafasi ya msimbopau, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, ambao kwa ukubwa wake wa kawaida unahitaji upana wa milimita 37 hivi na haupaswi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya ukubwa huo. Siku hizi siwashi kompyuta kabla mfuko mtupu haujawekwa mezani, na maneno yote yawe yameshasomwa na mtu wa pili.

Dhana: Ukitaja bajeti, dizaina ataila yote.

Anayetaka kukulangua atakulangua hata usipoitaja. Kiasi kikijulikana, msanifu mwaminifu atakuambia mapema kwamba fedha hiyo inatosha nembo na lebo, na kwamba kipeperushi kisubiri.

Dhana: Ikipendeza kwenye simu, kazi imekwisha.

Kioo cha simu hutoa mwanga, na mashine ya uchapaji hutumia wino wa rangi nne, kwa hiyo kijani kinachong'aa kwenye kioo huweza kufifia kwenye karatasi. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,181 ili ichapwe kwa nukta 300 kwa inchi, na picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imebanwa. Brifu itaje mafaili utakayokabidhiwa: la vekta, ambalo hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuchakaa, na la kuchapia lenye milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa. Itaje pia nani atakuwa na haki ya kuitumia na kuibadilisha kazi hiyo baada ya malipo.

Dhana: Wakitoa maoni wengi, kazi itakuwa bora.

Shemeji anataka bluu, mhasibu anataka nyekundu, mchungaji anauliza kwa nini hakuna njiwa. Maoni yakusanywe kabla ya brifu kuandikwa, kisha litajwe jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei, na tarehe ya kupeleka kazi kwa mchapaji. Anayeandaa bango la Nane Nane la viwanja vya Themi, Njiro, asiandike tarehe 8 Agosti, kwa sababu mabanda hufunguliwa siku kadhaa kabla, na mchapaji naye ana foleni yake.