Je, wajua? 18.4 kwenye mtutu wa shotgani ya zamani sio mwaka

Mjomba wangu wa Sikonge, mkoa huu huu wa Tabora, ana shotgani ya mtutu mmoja aliyorithi, ina kibali chake, kazi yake kufukuza nyani kwenye mahindi. Siku moja anaisafisha, risasi ameshatoa, kaikunja mtutu umelala chini, nikaona karibu na pale risasi inapoingia kuna namba ndogo imegongwa kwenye chuma: 18.4. Nikamwambia mjomba hii ni ya 1840 na kitu, akaamini, akawaambia mpaka majirani.

Kumbe haiwezekani kabisa. Bunduki za kukunja zenye risasi ya fataki (kile kinachowasha baruti) katikati ya kitako chake zilianza kuenea miaka ya 1860, kabla ya hapo wengi walikuwa wanashindilia baruti mdomoni mwa mtutu kama gobore. Ila ukiona 18 kwenye kitu cha zamani akili inakimbilia mwaka moja kwa moja. Na hata mwaka ukiwa umeandikwa kamili, hasa kwenye shotgani za Marekani, mara nyingi ni mwaka wa hataza, yaani mbunifu alipopewa haki ya kifaa chake, bunduki yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye.

18.4 ni milimita, upana wa tundu la mtutu. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu 453.6, ifikirie kama donge la unga wa maandazi. Likate vipande 12 sawasawa, viringisha, kila kimoja kitakuwa na gramu kama 37.8 na upana wa milimita 18.5 hivi. Mtutu unaoenea duara hilo ndo kaliba 12. Donge lile lile ukilikata 16, vinatoka vidogo, milimita 16.8, ndo maana kaliba 16 ni nyembamba kuliko 12 japo namba yake ni kubwa. Sasa kekee haitoboi sawasawa kila mtutu, kwa hiyo wapimaji wa Liège, Ubelgiji, yaani wale wanaojaribu kama mtutu unahimili baruti, walikuwa wanagonga upana halisi wa kila mmoja.

Umri unautafuta kwenye mihuri ya hao hao wapimaji. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ndo Liège, na taji juu yake liliongezwa 1893. Simba na herufi PV ni alama kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, kuanzia 1898. Herufi ya mwaka, yaani ya kuonyesha mtutu ulipimwa mwaka gani, ilianza 1922. Asipokuwepo simba usiseme ni ya kabla ya 1898, maana mitutu mingine iliendelea kupimwa kwa baruti nyeusi tu, na hiyo usiitie risasi za kisasa hata kidogo.

Ya mjomba ina taji, ina simba, herufi ya mwaka haina, basi kama haijafutika kwa kusuguliwa, mtutu ulipimwa kati ya 1898 na 1922. Reli imefika Tabora 1912, katikati kabisa ya miaka hiyo! Nimemwandikia kwenye kikaratasi, kakikunja kakiweka pamoja na kibali.