Je, wajua Makerere, chuo kikuu cha Kampala, Uganda, ilianza na randa na msumeno?

Januari 1922, vijana 14 walipanda kilima cha Makerere kuanza masomo. Wote walikuwa wa kutwa. Hawakuja kusomea sheria wala udaktari. Walikuja kufundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Ndiyo, Makerere hiyo hiyo: chuo kilichomfundisha ualimu Julius Nyerere kuanzia 1943, chuo ambacho siku za mahafali mtaa jirani wa Wandegeya wote haupitiki, kilizaliwa kikinuka vumbi la mbao.

Sasa jiulize. Kama serikali ya kikoloni ilianzisha shule ya mafundi, ilikuwaje ikageuka chuo cha majoho? Na mbona hadi leo, miaka mia na ushei baadaye, wakubwa wanahubiri ufundi huku mzazi akiuza ng'ombe ili mtoto ashike kalamu? Jibu la barazani ni kwamba Waganda, Wasoga, Waacholi, sote tunadharau kazi ya mikono. Mimi hilo silikubali. Kuna jambo ambalo wapangaji wa elimu hulipitia juu juu na mzazi hulisoma kwa makini: nani analipwa nini.

Kisa chenyewe kina umri mkubwa kuliko Makerere. Novemba 1878 alifika katika ikulu ya Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mhandisi Mskoti, Alexander Mackay, aliyetumwa na wamisionari wa Kianglikana. Alikuwa mtu wa nyundo na fuawe. Alifua chuma, alichonga mbao, alitengeneza mitambo, na Muteesa alipofiwa na mama yake mwaka 1882, ni Mackay aliyeunda majeneza makubwa ya mazishi yale. Watu wakampa jina, tena kwa Kiswahili, maana wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukifikisha Kiswahili ikuluni: Mzungu wa kazi.

Ungedhani vijana wangejipanga kwenye karakana yake. Baadhi walifanya hivyo. Lakini kilichowavuta zaidi vijana wa ikulu kilikuwa karatasi zenye herufi alizokuwa akizipiga chapa kwa mashine yake ndogo. Wakaitwa abasomi, wasomaji. Hapa msomaji wa Kiswahili ana raha yake, kwa kuwa neno analijua bila kutafsiriwa. Ila katika Kiganda lina tumbo pana zaidi: okusoma ni kusoma kitabu, na pia ni kwenda kusali. Mtu akikuambia Jumapili kwamba anakwenda kusoma, usimtafute maktaba.

Mwanzoni kusoma kulikuwa hatari. Tarehe 3 Juni 1886, chini ya Kabaka Mwanga, kundi la hao wasomaji lilichomwa moto Namugongo. Miaka 14 tu baadaye upepo ukageuka kabisa. Mkataba wa Buganda na Waingereza wa 1900 ulitiwa saini Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto mdogo, na walioshika hatamu kwa niaba yake walikuwa watatu: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Wote watatu walikuwa abasomi. Mkataba huo uliwagawia machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000 maelfu ya maili za mraba za ardhi. Mashamba hayo yanaitwa mailo mpaka leo, na mailo ni maili ile ile ya Mwingereza.

Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Buganda miaka ya 1870 aliishi kuona kusoma kukimpeleka jirani motoni, kisha kukimpa jirani mwingine ardhi ya kurithisha wajukuu. Fuawe haikumpa mtu ardhi ya namna hiyo. Baada ya kuona hayo, unahitaji mhubiri gani tena wa kukueleza faida ya kalamu?

Wamisionari nao walizidi kulikaza fundo. Shule ya Namilyango ilifunguliwa 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, na madawati ya mwanzo yalikuwa hasa ya watoto wa wakubwa. Shule ya bweni juu ya kilima, kengele, Kiingereza, mavazi safi. Mkulima wa pamba aliyepita chini ya kilima alielewa somo bila kuingia darasani: wanaotawala wanatoka humu.

Ndiyo maana Makerere ya randa haikudumu. Serikali yenyewe ilihitaji wasaidizi wa matibabu, mabwana shamba, watu wa mifugo, walimu na makarani, na hao ndio iliowaajiri kwa mshahara wa mwezi. Kazi nyingi za fundi mjini, kwa upande mwingine, zilikuwa mikononi mwa Wahindi, na kijana Mwafrika aliyejifunza useremala aliingia soko ambalo wenyewe walikuwa wamekwisha kulikalia. Kozi za ofisini na hospitalini zikaongezeka kilimani. Mwaka 1937 chuo kikaanza kujengwa kuwa cha elimu ya juu, 1949 kikafungamana na Chuo Kikuu cha London, 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na 1970 kikasimama peke yake. Njiani, mwaka 1945, walipokelewa wanawake sita wa kwanza, na kaulimbiu ya chuo, iliyosema tuwe wanaume, ikabidi ibadilishwe. Mpya inasema: twajenga kwa ajili ya siku zijazo. Nani angeiandika vizuri zaidi kwa shule iliyoanza na waashi?

Na ufundi wenyewe ulikwenda wapi? Ulihamishwa. Ukapewa makao yake Kyambogo, mashariki ya jiji, na kwa miongo kadhaa palikuwa mahali pa mafundi sanifu. Kisha mwaka 2003 chuo hicho cha ufundi kikaunganishwa na vya ualimu, kikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Ufundi ulikimbia majoho Makerere, majoho yakaufuata hadi kilima cha pili.

Uhuru wa 1962 ulikoleza mambo. Viti vya Wazungu maofisini vilikuwa vinaachwa wazi, na tume ya elimu ya Castle ya 1963 ilisisitiza sekondari na watumishi wa ngazi ya juu. Taifa changa bila madaktari wala makatibu wa wizara lisingeenda mbali, kwa hiyo sioni kosa hapo. Tatizo ni kwamba viti vya ofisini vinajaa. Kijana wa 1963 mwenye cheti cha sekondari alingojewa na kazi. Mdogo wake aliyemfuata kwa miaka kumi alikuta kiti kina mtu.

Tangu hapo wenye mamlaka wamejaribu kuigeuza meli mara kwa mara. Tume ya Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake 1989, na Waraka Mweupe wa serikali wa 1992 ukataka kilimo na kazi za mikono ziingie hadi shule za msingi. Januari 1997 ikaja elimu ya msingi bila ada, kwa watoto wanne wa kila familia kwanza, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Darasa lenye watoto mia halina nafasi ya benchi la seremala. Hata chaki haikutosha.

Mtaalamu wa elimu Philip Foster aliichunguza Ghana na mwaka 1965 akaandika jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwetu Mbale, mashariki mwa Uganda: vijana hawaendi shule za kawaida kwa sababu wamelishwa kiburi na mtaala, wanakwenda kwa sababu huko ndiko kuliko na mshahara mzuri. Ukitaka wachague kingine, anza na malipo, si na mtaala. Serikali yetu inalijua hilo inapotaka. Mwaka 2022 ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa wakagoma. Katika majira hayo hayo, mwezi Julai, baraza la mawaziri likapitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mwalimu wa Kiswahili yumo kundi gani la mshahara? Si la sayansi. Mwenye masikio alisikia matangazo yote mawili, na akajua lipi lina uzito.

Kuna kosa jingine ambalo ni la mfumo kabisa, si la mzazi. Shule za ufundi zimeachiwa ziwe kapu la waliobaki. Mtoto akifanya vibaya mtihani wa darasa la saba, au akikwama kidato cha nne, ndipo mjomba anasema: basi mpelekeni akajifunze kuchomelea. Hakuna anayesema hivyo kwa mtoto aliyepata daraja la kwanza. Ukimpa fundi jina la aliyeshindwa kabla hajashika nyundo, usishangae mama yake akilia.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020 na kufanyiwa mtihani wa kwanza 2024, unajaribu kulegeza hilo. Kazi za darasani sasa zina asilimia 20 ya alama, na wanafunzi wanafanya miradi: sabuni ya maji, mikoba, mbogamboga. Nimeiona miradi ya aina hiyo. Mingine ni kazi ya mtoto kweli, mingine inanukia mkono wa shangazi. Hata hivyo ni afadhali kuliko kukariri sehemu za kinu bila kukigusa. Na kwenye mafuta ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda, kuna dokezo la kweli zaidi. Bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na mabomba yake yanaunganishwa kwa kuchomelewa, viungio vikikaguliwa. Kule mchomeleaji mwenye cheti cha kimataifa hatafutwi kwa huruma.

Juzi nilikwenda Ndeeba, soko la mbao la Kampala, kuagiza mlango. Mzee wa karakana alipima mbao kwa kamba yenye mafundo, akachora kwa chaki, akakata, na pembe zikakaa sawasawa bila yeye kutazama mara ya pili. Kijana wake anasoma biashara chuoni, mwaka wa tatu. Nikamuuliza kwa nini hakumrithisha randa.

"Mzee, hii randa ndiyo inayomlipia ada," akasema. "Mwenye hela benki ataniuliza cheti, si mlango."

Nikamweleza kwamba siku hizi kuna upimaji wa mafundi waliojifunzia kazini: wanakuangalia ukifanya kazi, kisha wanakupa kitabu kidogo kiitwacho PAS kinachoonyesha unachokiweza, hata kama hukuketi darasani. Alisikiliza huku akipiga randa, maranda yakimkunjamana miguuni. Akapuliza ubao, akaupapasa kwa kiganja.

"Nikiwa nacho," akauliza, "huu mlango utapanda bei?"