Je, wajua kwa nini timu huchagua mchezaji ambaye haimhitaji?

Aprili 2005, kijana wa miaka 21 alikaa katika ukumbi mmoja jijini New York akisubiri jina lake litajwe. Majina 23 yalitajwa kabla ya lake. Zamu ya 24 ilikuwa ya Green Bay Packers, timu ambayo tayari ilikuwa na Brett Favre, mchezaji wa nafasi ileile, ambaye tangu 1992 hakuwa amekosa kuanza mechi hata moja. Kilichowapungukia Packers kilikuwa ulinzi. Beki wao wa nyuma, Darren Sharper, alikuwa ametoka kuhamia kwa mahasimu wao wa Minnesota. Pamoja na hayo, wakamchukua yule kijana: Aaron Rodgers.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: NFL ndiyo ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Kila mwaka timu zake hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni kwa zamu, raundi saba, na timu iliyoshika mkia ndiyo huanza. Utaratibu huo, unaoitwa drafti, ulianza 1936. Favre na Rodgers walikuwa makwotabeki, yaani wale wanaopokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua wamrushie nani. Uwanjani huwa mmoja tu kwa kila timu, kwa hiyo wa pili ni wa benchi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba timu hupanga majina yake kama mtu anayeandika vitu vya kununua sokoni. Unafungua kabati, unaona kilichoisha, unaandika. Hakuna beki? Andika beki. Wachambuzi wengi huongea hivyo wiki zote za kabla ya drafti, na mashabiki huzomea timu yao ikienda kinyume. Imani hiyo ina mantiki yake, ndiyo maana imeenea.

Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, pengo unaloliona leo ni la leo. Kijana wa chuo anaweza kuhitaji mwaka au miwili kukomaa, na siku hizi mkataba wa raundi ya kwanza ni wa miaka minne, timu ikiwa na hiari ya kuongeza wa tano. Kufikia hapo beki wako wa sasa huenda amezeeka, kaumia au kahama, na pengo limehamia kwingine. Pili, na hili ndilo nililochelewa kulielewa, orodha ya sokoni hudhani kwamba bidhaa zitakusubiri. Kwenye drafti, ukishachagua, wenzako wanapita na kubeba, kisha ndipo zamu yako inarudi.

Fikiria belo la mitumba limefunguliwa asubuhi, na wauzaji wanne wamekubaliana kuchagua kwa zamu, kipande kimoja kimoja. Wewe kibandani kwako jinzi zimekwisha. Wateja wanaziulizia tangu juzi. Unaangalia rundo: kuna jinzi kama ishirini, nyingi zinalingana, na kuna koti moja la ngozi, zipu nzima, bitana haijachanika. Ukichukua jinzi nzuri kuliko zote, koti halitafika zamu yako ya pili. Ukichukua koti, wenzako watatu watachukua kimoja kimoja, na hata wote wakibeba jinzi, utarudi ukute nyingine kumi na saba, na iliyo bora kati ya hizo haizidiwi sana na ile uliyoiacha. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nikikiacha kitu hiki sasa, nitakuta nini nikirudi?

Ndivyo wapangaji wazuri wa majina wanavyofanya. Huwaweka wachezaji kwa madaraja, halafu hutazama ni nafasi ipi ambayo daraja linakaribia kuisha. Beki wa nyuma wa kuridhisha walikuwa bado wapo 2005. Kwotabeki wa kiwango cha Rodgers hakuwapo mwingine. Zamu ya Packers iliporudi, katika nafasi ya 51, walimchukua beki Nick Collins, na pengo la Sharper likazibwa.

Fedha nazo zinavuta upande huohuo. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza 2010, alipewa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78. Mwaka uliofuata sheria mpya ya mishahara ikaanza, na Cam Newton, wa kwanza wa 2011, akapata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki mzuri mwenye mkataba wa kwanza ni nafuu kubwa kwa timu yake, na nafasi hiyo hupandishwa juu kwenye orodha.

Hesabu hii ina udhaifu, kwani inategemea kuyajua madaraja. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walilinganisha kila mchezaji na anayemfuata kuchaguliwa miongoni mwa wanaocheza nafasi ileile uwanjani, wakakuta aliyetangulia humzidi mwenzake mara chache tu zaidi ya nusu. Watanzania tunao mfano wetu katika mpira wa kikapu: 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kung'ara kumzidi kwa mbali. Na Rodgers ni mfano mmoja uliofaulu. Mmoja hauthibitishi kanuni.

Hata hivyo, Packers hawakuiacha njia hiyo. Februari 2011 walitwaa ubingwa kwa kuifunga Pittsburgh 31-25. Rodgers akawa mchezaji bora wa mechi, na Collins alinasa pasi ya wapinzani akakimbia nayo hadi kufunga. Kisha 2020, Rodgers akiwa na miaka 36, mashabiki wakililia mpokeaji wa pasi zake, timu ilibadilishana zamu na timu nyingine, ikapanda hadi nafasi ya 26 na kumchukua kwotabeki mwingine, Jordan Love. Alikaa benchi misimu mitatu, sawasawa na Rodgers.