"Ugonjwa wa Ukoo": Yanayosemwa Kusini na Yanayojulikana Kuhusu Urithi

Katika misiba ya kwetu Mtwara na Lindi, mfiwa akishapewa pole, haipiti muda watu wanaulizana marehemu alikuwa akiumwa nini. Jibu likiwa ni sukari au presha, hakosekani mtu kwenye mkeka wa kusema kwamba hayo ni maradhi ya kwao, mama yake naye aliondoka hivyo hivyo. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni vigumu kuisahihisha. Kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, pumu na baadhi ya saratani kweli huandamana na ukoo. Kosa liko katika namna tunavyoufikiria urithi wenyewe, kana kwamba ni hati ya shamba ambayo mtu ama amekabidhiwa ama hakukabidhiwa.

Dhana: Ipo jeni ya kisukari, na aliyeirithi hana ujanja.

Ukweli: Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Zimepangwa katika jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi za vinasaba (DNA) zilizomo ndani ya seli, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Yapo maradhi yanayosababishwa na hitilafu ya jeni moja tu, lakini kisukari cha aina ya pili hakimo katika kundi hilo. Watafiti wamebaini mamia ya sehemu za vinasaba ambazo tofauti zake hupandisha au hushusha uwezekano wa kukipata, na karibu kila moja, ikipimwa peke yake, ina athari ndogo sana. Miongoni mwa tofauti zilizoenea kwa watu wengi, mojawapo ya zenye nguvu zaidi ni ile iliyotambuliwa mwaka 2006 katika jeni iitwayo TCF7L2, nayo huongeza uwezekano kwa takriban mara 1.4 kwa kila nakala aliyorithi mtu. Wapo wenye nakala mbili wanaozeeka bila sukari, na wapo wasio na hata moja ambao leo wanachoma insulini.

Dhana hii huzaa nyingine iliyo mbaya zaidi, kwamba jambo likishakuwa la ukoo, kuhangaika na chakula au mazoezi ni kujisumbua bure. Nchini Marekani ulifanyika utafiti kwa watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kiwango cha ugonjwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliosaidiwa kupunguza uzito kwa takriban asilimia 7, na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, walipungukiwa na uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58 katika muda wa takriban miaka mitatu, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baadaye vinasaba vya washiriki vilipochunguzwa, ilionekana kwamba hata wenye nakala mbili za hatari katika TCF7L2 walifaidika na mabadiliko hayo.

Tena ndugu hawarithishani jeni pekee. Waliokulia nyumba moja wamekula chungu kimoja, wakazoea chumvi ile ile kwenye mchuzi na vijiko vile vile vya sukari kwenye chai, na tangu bodaboda ziingie vijijini, wote kwa pamoja wameacha kwenda shambani kwa miguu.

Dhana: Kimo hurithiwa kwa asilimia 80, kwa hiyo asilimia 80 ya urefu wangu imetoka kwa wazazi na iliyobaki kwenye chakula.

Ukweli: Hapa hukosea hata wasomi, na nadhani mkulima wa korosho ataelewa haraka kuliko wao. Chukua vikonyo kutoka mkorosho mama mmoja, ubebeshe miche mia moja. Ukiacha kando shina la chini, ambalo lina vinasaba vyake, miche hiyo ni sawa na mapacha wanaofanana. Panda hamsini kwenye shamba linalopuliziwa salfa kwa wakati, na hamsini kwenye shamba lililotelekezwa, ambako ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, utashambulia maua kabla hayajafunga. Msimu wa kuokota ukifika, mwenye shamba la kwanza atajaza magunia na wa pili ataondoka na ndoo, na tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na mbegu kwa kuwa mbegu ni moja. Sasa geuza jambo: panda aina kumi za mikorosho kwenye udongo mmoja, uihudumie yote kwa salfa ile ile na palizi ile ile. Safari hii, mti ukizidi mwenzake, sababu kubwa itakuwa ni aina yake. Kiwango cha urithi wa mavuno kimepanda kutoka karibu na sifuri hadi karibu na asilimia 100, ilhali mkorosho umebaki kuwa mkorosho. Asilimia ya namna hiyo hueleza tofauti baina ya wengi waliomo katika mazingira fulani, wala haiugawi mwili wa mtu mmoja mafungu mawili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya milioni 5, ulipata zaidi ya tofauti 12,000 za vinasaba zinazohusiana na kimo. Pamoja na hayo, Waholanzi wamerefuka kwa takriban sentimita 20 katika muda wa karne moja na nusu, muda ambao ni mfupi mno kwa jeni kubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika zaidi ni chakula, maji safi na magonjwa ya utotoni. Ile asilimia 80 imetokana hasa na uchunguzi wa mapacha katika nchi ambazo watoto wengi hushiba. Kuichukua na kuibandika kwenye kijiji chenye udumavu ni kukosea hesabu. Mtoto mfupi akiambiwa amemfuata babu yake, ni vema kukumbuka kwamba huenda babu mwenyewe alidumaa.

Dhana: Ukoma ni wa damu ya ukoo.

Ukweli: Ukoma husababishwa na bakteria, aliyetambuliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873, wakati ambapo madaktari wakubwa wa nchi hiyo waliamini kwamba ni ugonjwa wa kurithi kwa sababu uliandama familia. Hata hivyo urithi haukosi sehemu yake, kwa kuwa watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi ya bakteria huyo, na jeni huchangia katika kuamua nani atadhurika. Dawa hutibu ugonjwa huo bila kujali ukoo.

Dhana: Tukishapata mtoto mmoja mwenye selimundu, watatu wanaofuata watakuwa salama.

Ukweli: Wazazi wawili ambao kila mmoja ana nakala moja ya hitilafu hukabiliwa na uwezekano wa moja ya nne wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba, upya, na mimba haina kumbukumbu ya iliyotangulia. Nakala moja peke yake humkinga mtu dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kutokana na kazi yake Afrika Mashariki, na ndiyo sababu jeni hiyo imedumu katika maeneo ya malaria kama pwani yetu. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hata ugonjwa huu wa jeni moja haufanani kwa wote. Ndugu wawili wanaweza kuwa na hitilafu ile ile, mmoja akalazwa kila mara na mwingine akamaliza shule bila shida kubwa, kwa kuwa baadhi ya watu huendelea kutengeneza kwa wingi zaidi himoglobini ya kichanga, yaani ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo hupunguza makali ya ugonjwa, na hilo huongozwa na jeni nyingine, ikiwemo BCL11A.

Dhana: Nikipima vinasaba nitajua nitaugua nini.

Ukweli: Kipimo ambacho wengi wetu tumekisikia, cha kuthibitisha baba wa mtoto kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, huangalia sehemu chache za vinasaba zilizochaguliwa kwa sababu hutofautiana sana baina ya watu, nacho hakipimi maradhi. Alama za hatari, zinazojumlisha maelfu ya tofauti ndogondogo, ni kitu kingine. Zaidi ya robo tatu ya watu waliochunguzwa ili kuziunda wana asili ya Ulaya, ilhali vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi kuliko vya watu wa bara jingine lolote, hivyo alama hizo hupoteza sehemu kubwa ya usahihi zinapotumika kwetu.

Dhana: Mtoto ni wa ukoo wa mama, basi maradhi yatafutwe huko.

Ukweli: Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kijadi huhesabu ukoo kupitia kwa mama, na mjomba ana kauli kubwa juu ya wapwa zake. Ni utaratibu wenye heshima yake, lakini jeni haziufuati. Urithi unaopita kwa mama peke yake ni ule wa mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, wenye jeni 37 tu. Hata ualbino, ambao mama hulaumiwa peke yake na wakati mwingine hukimbiwa na mume, kwa kawaida huhitaji nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi.

Niliwahi kukaa benchi moja na binti aliyekuwa akijibu maswali ya muuguzi kuhusu saratani ya matiti. Alimtaja mama, bibi, mama wakubwa na mama wadogo, wote wazima. "Na shangazi zako?" akaulizwa. "Shangazi mmoja alikufa kwa titi, bado kijana," akajibu, "lakini yule, dada, si wa ukoo wetu." Kiukoo alikuwa sahihi. Lakini hitilafu katika jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo huongeza sana hatari ya saratani ya matiti, hupita kwa wanaume pia, na baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua huku kila mtoto wake akiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipokea. Muuguzi alimwandika shangazi, akauliza alikuwa na umri gani alipougua, kwa kuwa saratani inayotokea katika umri mdogo huongeza shaka ya hitilafu ya aina hiyo. Shaka si uhakika, kwani saratani za matiti zinazotokana na hitilafu nzito za kurithi kama hizo ni kati ya asilimia 5 na 10 tu, na wanawake wengi wanaougua hawana mgonjwa mwingine upande wa mama wala wa baba.